Naombeni ushauri: nawezaje kununua spea za gari la zamani mnadani bila kupigwa bei?

Chuma cha Babu
Wakuu, habari za muda huu. Nina MGB ya mwaka 1973, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi juu. Bodi nzima, injini nzima, ni ile ile ya 1798 cc iliyotoka nayo kiwandani. Shida yangu ni kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa. Ziko mbili, za SU, aina ya HS4. Asubuhi gari linawaka vizuri tu, ila likishashika joto silensa haitulii, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Inapanda na kushuka yenyewe, nikisimama kidogo linataka kuzima. Fundi kasema kabureta zimechoka, nitafute jozi nyingine.

Nimeingia kwenye minada ya mtandaoni, kila nikiweka dau napitwa. Dakika za mwisho bei inaruka mpaka mikono inatetemeka. Naomba kujua, bei halali ya spea ya zamani mnaijuaje? Na mtu ukipata nafasi ya kununua bila kushindana na yeyote, unachukua fasta au unasubiri? Natanguliza shukrani.

Spana Mbili
Karibu mkuu. Bei halali huipati kwenye matangazo yaliyo wazi, mle kila muuzaji anaandika anachokitamani. Fungua kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, uone watu walilipa nini kweli. Tafuta jozi kama yako, zote ulizoweza kuzipata. Ile ya juu kabisa iache, huenda watu wawili walikamiana. Ya chini kabisa nayo iache, huenda ilikuwa imepasuka. Zilizobaki katikati ndiyo bei yako.

Halafu usisahau nauli na ushuru. Nchi nyingi zinakokotoa ushuru juu ya thamani ya mzigo ukijumlisha na usafiri na bima, na kabureta ni chuma, zina uzito. Watu wanashangilia dau dogo kisha bili ya mwisho inawatoa jasho.

Malkia wa Gereji
Mimi nakuambia tafuta matangazo mabaya. Nasema kweli kabisa. Tangazo lenye picha ya giza na jina la spea lililokosewa herufi halionekani kwa watu wanaotafuta, kwa hiyo dau halipandi. Niliwahi kununua sanduku zima lililoandikwa "vyuma mchanganyiko vya gari", muuzaji alikuwa anasafisha stoo ya marehemu mjomba wake. Kwenye pembe ya picha niliona kipande cha distributa, kifuniko chake cha kahawia nikakitambua palepale. Ndani ya sanduku mlikuwa na distributa mbili, pampu ya mafuta ambayo haijawahi kufungwa na rundo la swichi za dashibodi. Swichi moja tu kati ya zile ingeuzwa peke yake ingekuwa bei ya sanduku lote. Nilikaa sakafuni nazipanga kwa saizi mpaka usiku.

Kijana wa Nyundo
Mkuu, kwanza uelewe mnada unavyofanya kazi, wengi wanaumia hapa. Kwenye eBay na minada mingi ya aina hiyo, unachoandika ni kikomo chako. Mfumo haukitaji kikomo hicho, unakuongezea kidogo kidogo, hatua moja juu ya anayekufuata. Ukiandika mia na mwenzako akaishia sitini, unalipa sitini na hatua moja.

Kwa hiyo kaa chini ukiwa umetulia, amua mwisho wako, nauli na ushuru vikiwemo. Uandike mara moja tu, sekunde za mwisho. Ukiandika mapema unawapa wengine muda wa kukupima. Ila kuna minada inayojiongezea dakika kila dau jipya likiingia, huko kuvizia hakusaidii, huko unabaki na kikomo chako tu.

Wazo hili la mshindi kulipa bei ya wa pili lilichambuliwa na mwanauchumi William Vickrey mwaka 1961. Alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 1996, akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa. Huwa nasikitika kila nikikumbuka.

Mzee wa Stepini
Vijana mna haraka sana. Gari la zamani linataka mtu wa subira. Mimi spea ya kioo cha nyuma niliingoja mpaka wenzangu wakaanza kunicheka, na nikaipata kwa bei ya kawaida kabisa. Anayenunua kwa sababu ya wivu wa kushindwa mnadani hanunui spea, ananunua ugomvi.

Malkia wa Gereji
Chuma cha Babu, turudi kwako. Umeuliza "ukipata nafasi ya kununua bila kushindana na yeyote". Ni nafasi gani hiyo? Mbona umeipitia juu juu?

Chuma cha Babu
Ni swali la jumla tu dada. Asanteni wote, hasa Spana Mbili.

Malkia wa Gereji
Hakuna anayeuliza swali la jumla namna hiyo. Kuna muuzaji amekufuata?

Chuma cha Babu
Sawa, nieleze. Juzi niligombea jozi moja safi sana, zimeng'arishwa mpaka unajiona usoni. Nikaweka kikomo changu kikubwa, nikapitwa dakika za mwisho. Kesho yake muuzaji akaniandikia kwamba mshindi ameshindwa kulipa, kama nazitaka nizichukue kwa kiasi kile kile nilichoandika mimi. Sasa hapo nisichukue kwa nini? Si ndiyo bei niliyokuwa tayari kulipa? Muuzaji ana sifa nzuri, maoni yake yote ni mazuri.

Spana Mbili
Umepigwa mkuu. Alikupita kwa hatua moja tu, sivyo? Hiyo ndiyo dalili ya dau la bandia, mtu wa muuzaji anayekupandishia bei tu.

Kijana wa Nyundo
Hapana Spana, tusimpotoshe. Kila mshindi huonekana amepita kwa hatua moja, hata halali, maana mfumo ndivyo unavyohesabu. Dalili ziko kwingine. Fungua historia ya madau uangalie aliyekupita. Kama aliongeza mara nyingi mfululizo, kidogo kidogo, mpaka akagusa kikomo chako akavuka, kisha akatulia, huyo alikuwa anapima kina cha mfuko wako. Halafu bonyeza jina lake lililofichwa, utaona asilimia ya madau yake yaliyokwenda kwa muuzaji huyo huyo. Mnunuzi wa kweli anazunguka kwa wauzaji wengi. Ukikuta karibu yote yako kwa muuzaji mmoja, hapo ujue.

Ofa uliyopewa inaitwa ya nafasi ya pili, yenyewe ipo kihalali, na kweli huja kwa dau lako la juu. Lakini ona ubaya wake: kama yule mshindi alikuwa wa bandia, basi bila yeye ungelipa hatua moja tu juu ya mgombea wa kweli aliyekufuata. Tazama dau la huyo wa tatu. Hilo ndilo la kumjibu nalo muuzaji.

Chuma cha Babu
Nimeangalia. Aliongeza mara kadhaa, ndiyo. Asilimia yake kwa muuzaji huyu ni kubwa. Lakini labda anapenda tu vitu vya huyu muuzaji, ni mtaalamu wa MG. Na wa tatu alikuwa chini sana, sasa nikimwandikia muuzaji bei hiyo si atanitukana?

Fundi Kimya
Ndugu, kabla ya bei. Umeshawahi kuangalia jozi mpya? Kabureta za SU bado zinatengenezwa Uingereza, kampuni inayomiliki jina hilo inaitwa Burlen. Spea ikiwa bado inatoka kiwandani, bei ya mpya ndiyo dari yako. Iliyotumika lazima ikae chini ya hapo vya kutosha kulipia seti ya marekebisho, nauli na saa zako. Kung'arishwa hakuniambii chochote. Mimi nauliza shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, inacheza kiasi gani, na kama pistoni ya kabureta na kifuniko chake ni vya pamoja, maana vilioanishwa kiwandani. Ukichanganya vya kabureta hii na ile pistoni inakwama au inavujisha hewa.

Chuma cha Babu
Nimeangalia bei ya mpya, asante fundi. Ziko chini ya dau langu, ila si sana. Hata hivyo hizi za mnadani ni za zama zile, zina thamani yake kihistoria. Na nimeshamtumia nusu. Alisema nilipe moja kwa moja ili kukwepa makato ya mnada, angenipunguzia nauli.

Mzee wa Stepini
La haula.

Malkia wa Gereji
Hilo ndilo ungeanza nalo! Ukilipa nje ya mnada umejitoa kwenye ulinzi wa mnunuzi. Zisipofika, mnada watakuambia hawakuona malipo yoyote.

Kalamu Nyekundu
Nimeusoma uzi wote na nasema hii ni chai. Mtoa mada anadai ana MGB ya 1973 yenye HS4 za kiwandani. MGB zilifungwa HS4 tangu zilipotoka mwaka 1962, lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini zilihamia HIF4, aina nyingine ya SU. Mtu aliye na gari hilo, anayefunua boneti kila wiki, hawezi kukosea hapo. Kila mtu akimbana anatoa kipande kipya cha hadithi: mara nafasi ya pili, mara nusu. Mimi nadhani gari hakuna, au huyu ni muuzaji mwenyewe anapima tutasema nini kuhusu jozi yake.

Spana Mbili
Aisee. Nakazia.

Chuma cha Babu
Kalamu Nyekundu unanivunjia heshima. Gari la marehemu babu yangu niliongopee watu nisiowajua ili nipate nini? Lipo hapa, nimelifunika turubai.

Kijana wa Nyundo
Na magari haya yamebadilishwa vitu miaka hamsini, huenda mtu alifunga HS4 baadaye. Haimaanishi ni uongo.

Fundi Kimya
Ni rahisi kumaliza. Funua boneti. Kikombe cha mafuta kikiwa ubavuni mwa kabureta, na kibomba chembamba cha plastiki kinatoka chini yake kwenda kwenye jeti, pale petroli inapotokea, hiyo ni HS. Ukiona hakuna kikombe pembeni, mafuta yanakaa ndani ya tumbo la kabureta yenyewe, na chini pana kifuniko cha duara chenye skrubu, hiyo ni HIF. Tafuta pia kibati kidogo cha alumini kilichobanwa na skrubu moja ya kifuniko cha juu. Kimeandikwa AUD na namba. Namba hiyo ndiyo unayoipeleka sokoni, siyo maneno ya tangazo.

Chuma cha Babu
Nimetoka nje na tochi. Pembeni hakuna kikombe, chini pana kifuniko cha duara. Kibati kipo kwenye ya mbele, kina grisi, nimekipangusa, kinasoma AUD. Ya nyuma haina kibati. Neno HS4 nililitoa kwenye tangazo la muuzaji, aliandika "kwa MGB zote".

Kalamu Nyekundu
Basi gari lipo, nakubali na naomba radhi kwa neno la uongo. Ila sasa ona ulichokuwa unanunua. Ulikuwa unagombea jozi isiyo ya gari lako.

Fundi Kimya
Matundu ya kufungia kwenye manifoldi si tatizo kubwa. Taabu ni vyombo vya chujio la hewa, mikono ya kuunganisha na choki. Choki ya HS inavuta jeti chini, ya HIF ina vali yake ya kuzunguka. Ungeishia kununua na hivyo vingine, kimoja kimoja, kila kimoja na mnada wake.

Na huenda huhitaji jozi yoyote. Zima injini, toa chujio. Shika ncha ya shafti ya kipepeo kwa vidole viwili, itikise juu na chini. Ikigonga kidogo ndani, hapo hewa inaingia pembeni, ndiyo maana silensa inayumba. Watu hupulizia petroli kutafuta hewa inapoingia, wewe usifanye hivyo, kwenye injini hii ekzosi ipo upande ule ule chini ya kabureta. Kisha inua pistoni kwa kidole na uiachie, ianguke yenyewe na kugonga chini. Kama zote mbili zinaanguka sawa, unahitaji shafti na bushi, gasketi, na oili kwenye vifuniko vya juu. Kabureta zako zibaki kwenye gari lake.

Chuma cha Babu
Nimeitikisa. Ya nyuma inagonga, inaonekana hata kwa macho. Ya mbele kidogo. Pistoni zote zinaanguka. Namba ya AUD nimeiandika. Nimemwandikia muuzaji kwamba siendelei, anirudishie nusu yangu. Nampa siku chache, labda ni mtu mzuri.

Malkia wa Gereji
Usimpe siku. Ulilipa kwa kadi au ulituma benki kwa benki?

Chuma cha Babu
Kadi.

Malkia wa Gereji
Basi piga benki yako leo hii, waambie mzigo hauji na unapinga malipo. Hifadhi ujumbe wote, hasa ule aliokuambia ulipe nje, na picha ya tangazo kabla hajalifuta. Kupinga malipo kuna muda wake, ukimsubiri yeye unaweza kupita.

Fundi Kimya
Na bushi usiziagize kabla hujapima shafti. Kama kabureta zilishawahi kuchongwa, saizi ya kawaida itacheza vile vile.