Viwanja vya farasi vimegeuzwa maegesho ya magari-nyumba, na farasi wangu nusura afe

Wakuu, habari zenu. Nimejizuia siku nne kuandika uzi huu kwa sababu siku ile ile ningeandika matusi. Matusi yameisha, hasira iko palepale.

Kwa wasiojua mambo haya, nianze kidogo nyuma. Naishi Kentucky, Marekani. Hatamu nilianza kuishika Usa River, kule Arusha, nikiwa kijana, mzee wangu alikuwa saisi kwenye shamba moja pale. Kwetu farasi ni wachache, mbung'o kwa upande mmoja, na maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi kwa upande mwingine. Huku ni tofauti. Misitu na hifadhi za umma zina njia zilizotengwa kwa ajili ya wapanda farasi. Mammoth Cave, kaskazini ya Mto Green, kuna zaidi ya maili 60. Brown County kule Indiana ni kama 70. Na penye njia hizo mara nyingi pana kambi ya farasi: unafika na trela yako, farasi wanalala hatua chache kutoka hema lako, alfajiri unatandika na kuingia msituni. Kwangu hakuna mapumziko yanayozidi hayo.

Na tafadhali asije mtu na "wenye farasi ni matajiri". Zawadi, farasi jike wangu, nilimnunua dola 900 akiwa na miaka 11, leo ana 19. Kahawa alitoka shule ya kupanda farasi iliyofungwa. Trela ni ya mtumba. Nafanya kazi ya zamu kama wengi wenu humu.

Sasa sikieni. Wiki tatu kabla, niliweka nafasi ya kiwanja kwenye kambi ya farasi ya hifadhi moja ya umma, mwendo wa saa tatu kutoka kwangu. Usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kiwanja namba 9, nikalipa kila kitu pamoja na ada ya njia kwa kila farasi. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka 13 Jumamosi hiyo na zawadi aliyoomba ni hiyo tu, kulala msituni na farasi.

Tumefika saa 12 jioni, jua bado kali. Langoni mama mmoja amekagua karatasi zangu kweli kweli. Cheti cha Coggins cha kila farasi, kile cha kipimo cha damu, amekisoma tarehe, amelinganisha rangi ya farasi na picha, ameshuka mpaka kwenye trela kuchungulia. Sina neno, hiyo ni kazi yake na inalinda farasi wa wengine. Akanipa kikaratasi namba 9, nikaingia.

Namba 9 kulikuwa na gari-nyumba, lile basi lenye vitanda, jiko, choo na kiyoyozi ndani. Halikuja na farasi hata mmoja. Zile nguzo mbili za kufungia farasi, zenye kamba nene juu na kokoto laini chini, walikuwa wamezizungushia taa za rangi. Baiskeli mbili zimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Bomba la maji limeunganishwa kwenye mpira unaoingia kwenye basi lao.

Nikagonga. Akatoka mzee mmoja mstaarabu tu, akanionyesha risiti yake: kiwanja namba 9, Alhamisi mpaka Jumapili. Mfumo umemuuzia yeye na umeniuzia mimi. Nikamuuliza kama alijua hii ni kambi ya farasi. Akasema aliona umeme na maji yapo, bei ni nafuu, na hakuna mahali alipoulizwa kama ana farasi.

Nikaizunguka kambi nzima kwa miguu. Viwanja 14. Vitano havikuwa na farasi, na hilo huhitaji kuuliza mtu: unaangalia chini, hakuna samadi, hakuna nyasi zilizomwagika, hakuna alama ya kwato. Vyote vitano vina magari-nyumba. Na hifadhi hiyo hiyo ina kambi ya kawaida ng'ambo ya barabara yenye viwanja kadhaa vitupu jioni ile, nimepita nikaviona kwa macho yangu.

Hapa ndipo ninapochemka. Mwenye gari-nyumba anaweza kulala popote penye lami. Mimi siwezi kumpeleka farasi kwenye kambi ya mahema ya watoto, ni marufuku, na ni haki iwe marufuku. Farasi ana uzito wa kilo 450 hadi 500. Kwa siku anakunywa lita 20 hadi 40, joto likizidi anapita hapo, na anaacha samadi ya kilo 20 na zaidi. Ndiyo maana kambi ya farasi ilijengwa na nguzo zake, bomba lake, shimo la samadi na nafasi ya kugeuza trela. Ukimpa mtu mwingine kiwanja hicho, mwenye farasi hana pa kwenda.

Nikapiga simu ya zamu. Baada ya dakika 40 akaja askari wa hifadhi, kijana. Akasema hawezi kumhamisha mtu mwenye risiti, ofisi imefungwa mpaka asubuhi. Akanionyesha eneo la maegesho mwisho wa barabara: "Wafunge kwenye ile miti."

Nikaitazama miti. Ni robinia, mstari mzima. Wakuu, magome ya robinia ni sumu kwa farasi. Farasi aliyefungwa akichoka kusimama hutafuna chochote kilicho mbele yake, na gome ndilo la kwanza. Halafu ubao wa matangazo wa kambi hiyo hiyo umeandika kwa herufi kubwa USIFUNGE FARASI KWENYE MTI, kwa sababu zake nzuri, maana farasi hukanyaga mizizi na akibandua gome kuzunguka shina lote mti unakufa. Nilipomwambia yule kijana akanyamaza, akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka.

Kurudi nyumbani usiku ule sikuweza, nilikuwa macho tangu saa 9 za usiku. Nikawafunga ubavuni mwa trela, juu ya lami iliyokuwa bado inafuka joto la mchana, nikawaning'inizia wavu wa nyasi. Maji nikawa nayabeba kwa ndoo kutoka vyooni, hatua zaidi ya 200 kwenda na nyingine kurudi. Kahawa akanywa. Zawadi alinusa, akalowesha midomo, akageuza kichwa. Maji ya dawa yana harufu asiyoijua na yeye ni mchaguzi. Nikamtilia chumvi kidogo kwenye chakula, nikamtia tofaa ndani ya ndoo. Wapi.

Saa 10 alfajiri binti yangu ananiamsha: "Baba, Zawadi anajitazama tumboni." Aliyefuga farasi anajua maana ya sentensi hiyo. Nikatoka bila viatu. Anapara lami kwa mguu wa mbele, anageuka kuutazama ubavu, anakunja magoti kutaka kulala, jasho limemtoka shingoni na usiku una ubaridi. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma muda wote kama maji kwenye bomba. Upande wa kulia kimya kabisa.

Farasi hawezi kutapika. Kikikwama ndani kimekwama, na msokoto wa tumbo unaua farasi ndani ya saa chache. Tukawa tunamtembeza kwa zamu kwenye ile barabara ya kambi, mimi na mtoto, tukipita mbele ya namba 9 na zile taa zake za rangi. Mtoto analia anatembea. Daktari wa mifugo alifika saa 12 na nusu asubuhi, akampitisha mpira puani mpaka tumboni, akammiminia mafuta na maji mengi, akamchoma sindano ya maumivu. Saa 3 akajamba. Nilipiga magoti pale chini nikashukuru Mungu.

Bili dola 480. Sherehe ya mtoto imeishia kwenye lami. Asubuhi ofisini wakanijibu kwamba wanasikitika na watanirudishia pesa ya usiku mmoja. Nikauliza wale watano wasio na farasi itakuwaje. Jibu: viwanja visipojaa hifadhi inapoteza mapato.

Basi viuzwe kwa wengine siku ile ile kama mpaka mchana havijachukuliwa, nani atagoma? Lakini wiki tatu kabla, mwisho wa juma, mwezi Juni? Weka swali moja kwenye fomu: una farasi wangapi? Na yule mama wa langoni anayekagua Coggins kwa makini vile, anayeingia kambi ya farasi bila Coggins amrudishe. Karatasi anazo mkononi tayari! Nimelala kambi nyingine ambako sharti hilo limeandikwa langoni, na linafuatwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia hizi tunazitengeneza sisi. Machi nilikuwa pale pale na wapanda farasi wenzangu wa kujitolea, tukikata miti iliyoangushwa na dhoruba na kumwaga kokoto penye matope. Hakuna aliyelipwa hata senti. Na jumuiya za wapanda farasi kufanya kazi hiyo kwenye ardhi ya umma si jambo la jana, Back Country Horsemen walianza Montana mwaka 1973.

NYONGEZA: Naona wawili mmeuliza kwa nini sikumng'ang'ania yule mzee ahame. Ana risiti kama mimi, na saa mbili usiku kugeuza basi la urefu ule kwenye kambi yenye farasi waliofungwa kila upande ni kutafuta ajali nyingine. Kosa ni la aliyemuuzia.

NYONGEZA 2: Aliyesema ningebeba maji ya nyumbani, uko sahihi mkuu. Nilikuwa na lita 40, ziliisha njiani kwa joto. Safari ijayo nabeba 100.

Zawadi anaendelea vizuri, leo kala nyasi zake zote na kumng'ata Kahawa sikio. Barua ya pili ya malalamiko kwa hifadhi nimeituma jana, na risiti zote na picha za zile nguzo. Mlioko Indiana, Tennessee, Missouri na kwingineko, kama umelala na farasi kambi inayozuia wasio na farasi, andika hapa jina lake na hali ya maji yake. Binti bado anadai siku yake.