Nilisema "saa moja usiku" dirishani, sasa visa ya ndoa imekataliwa

BintiKisauni

Assalam alaykum, na habari zenu nyote. Mimi husoma hapa na kuondoka, sijawahi kuandika. Lakini leo ni usiku wa tisa sijalala vizuri, na sina wa kumwambia ambaye neno halitafika uani kabla sijamaliza kulisema.

Jumanne tarehe 10 Septemba 2024 nilikuwa na mahojiano ya visa ya ndoa, ubalozi wa Marekani Nairobi. Mume wangu ni mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, alipata uraia wa Marekani 2021, anaishi Columbus, Ohio. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Fomu ya I-130, ile ya raia kumwombea mkewe, aliipeleka Februari 2023. Miezi kumi na tisa tunaisubiri siku ile.

Mkalimani alikuwepo. Afisa aliniuliza nataka kuzungumza lugha gani, nikasema Kiingereza. Nilitaka anione mtu wa kujiweza, asije akadhani nitakwenda kuwa mzigo huko.

Akaniuliza mume wangu huingia kazini saa ngapi. Jamani, kama kuna kitu nakijua duniani ni saa za mume wangu. Akitoka kazini asubuhi kwao, kwangu ni saa nane mchana. Mahamri na mbaazi zimeshakwisha, sufuria nimeshasugua, nakaa kizingitini na simu mkononi. Saa nane na dakika kumi inalia. Kwa hiyo nilijibu bila kufikiri: anaingia saa moja usiku. Ila nilitamka kwa Kiingereza, na saa nikaihesabu kwa Kiswahili. Afisa akatazama barua ya mwajiri, akarudia: saa moja usiku, una hakika? Nikasema nina hakika. Wallahi nilikuwa na hakika.

Akaandika kitu. Kuanzia hapo aliuliza bila kuniangalia.

Akaingia kwenye harusi. Mbona watu kumi na wanne? Mbona picha nne tu, na moja ni mkono wangu unatia saini? Mbona mke ana miaka 37 na mume 31? Mimi nilikuwa mtalaka tangu 2019, nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Na mume wangu Desemba ile ya 2022 alikuwa amekuja kwa arubaini ya babake. Nani angepiga vigelegele kwenye nyumba ya msiba? Tulisoma nikahi sebuleni kwetu baada ya Alasiri, kaka yangu akaniozesha, wazee wakala pilau, kabla ya Magharibi wameshatawanyika. Kesha, kupambwa, hina mpaka magotini, hayo ni ya mwanamwali. Mtu wa pwani haambiwi. Lakini nilipolieleza kwa Kiingereza changu lilitoka kana kwamba tulijificha.

Nikarudishiwa pasipoti na karatasi moja. Imeandikwa 221(g), kifungu cha sheria yao ya visa, visanduku viwili vimetiwa alama: ushahidi zaidi wa uhusiano, na nakala ya cheti cha talaka iliyothibitishwa. Nilitoka nje jua linawaka, wenzangu wengine wanapiga simu nyumbani wanalia kwa furaha.

Basi liliposimama Mtito Andei, abiria wa kiti cha mbele akamwuliza kondakta tutafika saa ngapi. Akajibiwa, saa nne. Nikasikia kifua kinakatika. Nikafungua begi, nikamulika barua ya mwajiri kwa taa ya simu. Imeandikwa 7:00 mpaka 7:00. Saa moja mpaka saa moja. Nilikuwa nimemwambia afisa mume wangu anaanza kazi usiku wa manane.

Nilipomwambia mume wangu, alisema tu, "Kwani hukujiandaa?" Kisha siku nne simu ya saa nane haikulia. Sasa inalia, lakini tunaulizana hali kama watu waliokutana kwenye foleni. Friza niliyokuwa nikigandishia barafu za ukwaju niliiuza elfu kumi na nane kwa sababu nilijua naondoka. Mwanangu ameshawaaga wenzake wa madrasa. Koti zito alilonitumia liko juu ya kabati, kila nikifagia naliona.

Naomba mnisaidie kwa matatu. Nimeiharibu kabisa? Nimwambie nini mume wangu? Na kuna mtu mjini anasema kwa elfu themanini anamjua wa ndani atakayelirudisha faili. Nimpe?

MamaWawili_KC

Mdogo wangu, la tatu kwanza: usimpe hata shilingi. Hakuna "wa ndani". Atakachokifanya ni kukutengenezea karatasi, na karatasi ya uongo ikigundulika utafungiwa kwa kudanganya, kosa ambalo halifutiki kwa kupita miaka. Hapo ndipo ungekuwa umeharibu kweli.

Sasa la kwanza. 221(g) maana yake wanasema faili halijatosha kutoa visa leo. Ukiangalia mtandaoni itaonekana umekataliwa, neno lile lile wanalomwekea aliyezuiwa moja kwa moja, ndiyo maana watu huanguka. Mimi nilipewa 2019 kwa sababu ya karatasi za kodi za mume wangu. Nilikaa miezi mitano nikiamini ndoa yangu imekwisha, kumbe walikuwa wanasubiri kurasa sita. Una mwaka mmoja kuanzia siku waliyokukatalia kupeleka walichoomba, bila kulipa upya zile dola 325. Mwaka ukipita kimya, unaanza tena na kulipa tena.

Hiyo ya saa usiiogope. Andika ukurasa mmoja, weka saini: sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, saa moja yetu ni saba yao, ulitafsiri kwa kichwa chini ya woga. Usijitetee sana, sema kilichotokea. Kisha uambatanishe kitu ambacho umekitaja mwenyewe bila kujua thamani yake: ile simu ya saa nane na dakika kumi. Fungua WhatsApp, rudi nyuma mpaka mwanzo wa ndoa, piga picha za skrini. Mtu anayepigiwa kila siku dakika kumi baada ya mumewe kutoka zamu hajui saa za kazi za mumewe?

Ongeza risiti za pesa alizokutumia, mihuri ya pasipoti yake kila alipokuja, kama amekuandika kwenye bima au akaunti ya kazini, hiyo pia. Peleka kila ulicho nacho.

Na mtoto? Umesema ameaga madrasa, nikashtuka. Alifanyiwa I-130 yake mwenyewe? Mke wa raia hafuatani na mtoto kwenye faili moja. Mtoto wa kambo anaombewa peke yake, na anakubalika maadamu ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Wengi hugundua hili visa ikiwa mkononi, mama anabaki kuchagua. Nimemwona jirani yangu hapa akichagua. Sitaki ukafike hapo.

Mzee_wa_Bamburi

Mwanangu, mimi ni baba wa watu walioko huko. Nakwambia la mumeo tu, mengine wanayajua wenzangu.

Alichosema si kizuri. Lakini mtu aliyemzika babake kwa simu, akaja kuwahi arubaini, sasa anaambiwa na mkewe pia haji, anaweza kusema neno lililomtangulia mdomoni. Usilizungushe. Mwambie lile la Mtito Andei kama ulivyotwambia sisi, na basi, na kondakta, na taa ya simu. Amelisikia kosa, hajasikia safari ya kurudi nalo. Na mama mkwe aambiwe na mwanawe, si wewe. Hilo ni lake kubeba.

Karani_wa_Viapo

Dada, pole sana. Nimepiga chapa hati za kiapo kwenye ofisi ya wakili hapa Mombasa miaka kumi na sita, na faili za ndoa za ng'ambo ni nyingi kuliko kesi za mashamba.

Kwa heshima, sikubaliani na Mama Wawili kuwa upeleke kila kitu. Furushi la kurasa mia tatu halisomwi. Walikuuliza kwa nini harusi ilikuwa ndogo; jibu hilo hilo, kwa vinywa vya watu waliokuwepo. Hati tatu zinatosha: kaka yako aliyekuozesha, imamu aliyesoma nikahi, na shahidi mmoja. Imamu aeleze kwa urefu kwamba huku kwetu ndoa ya mtalaka huwa ya nikahi tu, tena marehemu alikuwa hajatimiza miezi miwili. Kila mmoja aseme alichokiona kwa macho: alikaa wapi, nani alitoa mahari, ilikuwa kiasi gani. Mtu akiandika "nathibitisha wanapendana sana" hati hiyo haina uzito. Waapishwe mbele ya kamishna wa viapo, vitambulisho viambatanishwe.

Cheti cha talaka kachukue nakala iliyothibitishwa Mahakama ya Kadhi. Angalia tarehe mara mbili: talaka, mwisho wa eda, nikahi mpya. Hesabu ikipishana hata siku moja na fomu zenu, andika maelezo kabla hawajauliza.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Kwa sababu hakuna hakimu wa kukimbilia. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Sandra Muñoz, raia na tena wakili wa Los Angeles, ambaye mumewe, mtu wa El Salvador, alikataliwa visa baada ya mahojiano ubalozini. Alishindwa kwa majaji sita kwa watatu, na watano kati ya hao sita walisema uraia wake haumpi haki ya kikatiba ya kudai mumewe aingie nchini. Uamuzi wa afisa mahakama haziuchambui upya. Kwa hiyo pigana hapo hapo kwenye faili, wakati bado liko wazi.

Wakiamua kutoamini ndoa, watalirudisha ombi USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, na mumeo ataandikiwa barua ya kusudio la kulifuta. Atakuwa na siku 30 tu kujibu. Ukiwa na hati hizi tayari, siku 30 zinatosha. Usipokuwa nazo, zinakwisha ukitafuta imamu amesafiri.

Jambo la mwisho: mumeo apige simu ofisi ya mbunge wake wa Congress, wilaya anayoishi. Watampa fomu ya idhini atie saini. Hawawezi kubadilisha uamuzi, lakini huuliza faili limefika wapi, nao hujibiwa.

BintiKisauni

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nafuata mambo.

Mwanangu hana faili. Nimeuliza, mume wangu akanyamaza, kisha akasema alidhani jina lake kwenye fomu yangu linatosha. Mimi pia nilidhani hivyo. Mama Wawili, Mungu akulipe, maana ningeipata visa ile Jumanne ningejua nikiwa na tiketi. Mume wangu anapeleka I-130 ya mtoto kwa mtandao akilipwa tarehe 15, dola 625.

Nilimsimulia Mtito Andei. Nilifanya kama mzee alivyosema, sikuruka kitu. Alikuwa ndani ya gari nje ya kazini, nikamsikia amezima injini. Akaniuliza nilikula nini njiani. Nikamwambia sikula. Akalia. Sijawahi kumsikia analia, hata siku babake alipofariki.

Jana tumekaa kwenye simu saa tatu nzima tukirudi nyuma kwenye WhatsApp, yeye upande wake, mimi wangu. Kuna kitu nilikuwa sijakiona. Mwaka 2023, kuanzia katikati ya Machi mpaka Novemba 4, simu zote zimeandikwa 14:10, 14:12, 14:09. Kuanzia Novemba 5 zote zinahamia 15:10, mpaka Machi zinarudi. Ni wao wanaporudisha saa nyuma kwa majira ya baridi. Mimi nilikumbuka tu kwamba kuna miezi nilikuwa nakaa kizingitini mpaka saa tisa, kivuli kimeshafika mlangoni. Nimepiga picha Oktoba na Novemba tu, Karani, sijaweka furushi.

Kaka yangu ameshaapa. Imamu anasema Alhamisi baada ya Adhuhuri. Mahakama ya Kadhi wameniambia nirudi Jumatatu na nambari ya faili la talaka, na sina, ilibaki kwa mtalaka wangu. Karani, kuna njia ya kuitafuta kwa jina na mwaka, au lazima nimwombe yeye?