Wikiendi moja Dodoma, niwapeleke wapi watoto waone historia?

MamaWawili: Wakuu habari, tukitoka Bunge na Msikiti wa Gaddafi twende wapi tena?

Wa_Kondoa: Dada nenda Kolo, kijiji cha huku Kondoa, ukaone michoro ya miambani, UNESCO waliiweka urithi wa dunia 2006, lami mpaka Kolo, unachukua kibali na mwongozaji ofisi ya Mambo ya Kale halafu kuna kipande cha vumbi na kupanda mlima kwa miguu, ukifika unakuta watu wembamba na twiga kwa rangi nyekundu, mwanangu alinyamaza kabisa. Wasiguse tu jamani, jasho linaharibu!

Mzee_Dom: Kongwa pia, kambi ya wapigania uhuru miaka ya 60, Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alikaa pale, inauma tunavyoisahau.

MamaWawili: Kolo basi, asanteni sana.