Baba yuko kwenye tiba shufaa, ndugu wananikataza kumwekea muziki. Naombeni ushauri

BintiChumbageni:
Habari zenu wakuu. Baba ana miaka 78, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa. Madaktari walituambia mionzi basi, sasa ni tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso, siyo ya kumponya, tukarudi naye nyumbani Tanga. Nesi anakuja kila Alhamisi. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, tunampa kila baada ya masaa manne.

Wiki mbili zilizopita, usiku, hakutulia kabisa. Siyo maumivu tu, ilikuwa hofu. Nikakumbuka ujana wake wote ulikuwa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za hapahapa Tanga. Na marehemu mama walijuana dansini. Nikaweka wimbo mmoja kwenye simu kwa sauti ya chini. Mwanzo kimya. Gitaa la solo lilipoingia, kidole chake cha shahada kikaanza kugonga ukingo wa godoro. Mtu ambaye kwa siku nne hakuinua mkono! Akagonga mpaka mwisho, halafu akasema, "Rudia."

Sasa shangazi na baba mdogo wamekuja juu. Wanasema nyumba ya mgonjwa aliye katika hali hii haipigwi dansi, asomewe Yasini, majirani watatuonaje. Jana shangazi alizima simu mbele yake. Baba akageukia ukutani. Nakosea? Na kama sikosei, nifanyeje vizuri?

MzeeNgamiani:
Pole sana mwanangu. Shangazi yako si adui, naye anamuuguza kaka yake kwa anachokijua. Usishindanishe dansi na Yasini, utaigawa nyumba. Baba si bado anaongea? Aulizwe yeye, wote mkiwepo.

Umm Salma:
Mimi niko upande wa shangazi. Mama yangu tulimsomea Kurani na kumwekea kaswida tu, akaondoka ametulia. Dansi linamrudisha mtu duniani wakati anatakiwa kujiandaa. Nasema kwa mapenzi, mdogo wangu.

SistaWaZamu:
Mama yako alitulia kwa sababu kaswida zilikuwa zake, Umm Salma. Hilo ndilo jambo lenyewe: sauti ambayo mgonjwa aliishi nayo.

Mimi ni nesi wa tiba shufaa, nilisomea Kampala, Hospice Africa Uganda, ile aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993. Tulifundishwa kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii hayako mwilini tu. Kuna hofu, kuna upweke, kuna mambo ya roho. Mofini haifiki kote huko. Lakini muziki nao hauchukui nafasi ya mofini, kwa hiyo dozi isiruke hata moja.

BintiChumbageni, pakua nyimbo mapema. Nimewahi kuwa kwa mgonjwa, wimbo umemlaza, ghafla tangazo la kubeti likalipuka kwenye simu. Alishtuka mwili mzima, na mifupa yenye saratani ukiishtua unajua mwenyewe. Simu iweke mbali kidogo, siyo sikioni, na nyimbo tatu nne zinatosha, halafu acha kimya. Weka muziki kabla ya kumgeuza au kumwogesha, usingoje mpaka aanze kulia. Mwangalie uso: akikunja paji, akikaza vidole, pumzi ikienda mbio, zima. Machozi peke yake yasikutishe. Mshike mkono, muulize kama uendelee.

MkambaUghaibuni:
Niko Uingereza, nafanya kazi kwenye hospisi, mahali pa kuuguzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Huku kuna mtaalamu wa tiba kwa muziki, anakuja na gitaa. Haanzi na wimbo wa polepole. Anakaa kwanza akitazama kifua cha mgonjwa, anapiga kwa mwendo wa pumzi zake hata kama ni za haraka, kisha anapunguza kidogo kidogo, na mara nyingi pumzi nazo zinafuata. Dada, hata bila gitaa unaweza kumwimbia hivyohivyo mdomo umefumbwa.

Na asipoongea tena, usiache. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi wasioitikia tena, saa zao za mwisho, na wapo ambao ubongo ulikuwa bado unazipokea sauti.

BintiChumbageni:
Asanteni, Mungu awalipe. Jioni tumekaa wote, baba mdogo akamuuliza mwenyewe. Ilichukua muda kupata pumzi: "Asubuhi Yasini. Usiku bendi yangu." Baba mdogo akainama.

Saa tatu usiku nikaweka. Shangazi alikuwa mlangoni na tasbihi. Nikamwambia baba, huu wa Jamhuri. Shangazi akasema, hamtazami mtu, "Huo si wa Jamhuri. Huo wa Atomic." Baba akafumbua macho akamtafuta alipo.

Sista, swali: sasa hivi amelala vizuri kweli. Dozi ya saa sita nimwamshe?

SistaWaZamu:
Kwa leo mpe kama ilivyoandikwa, mwamshe taratibu. Ila asubuhi mpigie nesi wenu. Mara nyingi dozi ya kulalia huongezwa ili mgonjwa asiamshwe usiku, lakini aamue aliyeandika dawa, usibadilishe mwenyewe.