Mdogo wangu karudi chuo, kila neno "inategemea"

BintiWete: Assalaam alaykum. Mdogo wangu ana miaka 22, yuko mwaka wa pili chuo, Unguja. Alipoondoka hapa, neno la ustadhi au la baba likishasemwa limekwisha. Sasa kaja likizo, tumo kwenye karafuu, na nyumba haikaliki. Juzi baba kasema karafuu zinakauka kwa siku tatu. Yeye kachutama ukingoni mwa jamvi, anaokota makonyo yaliyosalia: "Inategemea, baba. Jua likoje, na umezianika nene au nyembamba." Ukimuuliza siasa, inategemea. Mahari, kila mtu na rai yake. Baba anasema tumeuza karafuu tukanunua kiburi. Hivi ni chuo, au ni umri tu?

MwalimuTunguu: Wa alaykum salaam, dada. Vyote viwili. Ubongo wenyewe, ile sehemu ya mbele inayopima mambo, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Chuo nacho kinamkalisha mbele ya walimu wawili wanaopingana, na kila mmoja ana hoja zake. Mmarekani mmoja, William Perry, aliwahoji wanafunzi wa Harvard miaka ya 1950 na 1960, akiwarudia mwaka hadi mwaka. Mwanzo mtu huona jambo ni sawa au kosa, na jibu analo mwalimu. Halafu huona rai zote ni sawa tu. Nadhani mdogo wako yupo hapo. Anayevuka huanza kuzipima rai kwa ushahidi, kisha akachagua yake na kuisimamia, huku akijua huenda kakosea. Ila kwa la karafuu, baba anisamehe, kijana kasema kweli.

MtuWaMkoani: Hao ni wa Harvard. Ami yangu nahodha, skuli kaiona kwa nje. Muulize tutafika saa ngapi, atakuuliza upepo gani, maji yanajaa au yanakupwa. Lakini akishasema tutweke, tanga linapanda.

BintiWete: Ahsanteni. Baba nimemsomea la nahodha, la Harvard nimeliruka. Jana alasiri wingu likatanda, baba akamuuliza kwa kusudi: tuanue, tusianue? Kijana kaangalia juu, kanyamaza kitambo. "Tuanue." Tukaanua majamvi yote sita, mbio mbio, mpaka bibi katoka kusaidia. Mvua haikunyesha, na baba anamcheka mpaka sasa.