Filamu ipi imeionyesha Unguja tunayoijua?

Swali: Ndugu zangu, nimezaliwa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, na filamu nyingi zinazopigwa kwetu huishia kwenye milango ya nakshi na fukwe, kana kwamba nyuma ya milango hiyo hakuna watu. Ni ipi iliyowaonyesha wenyeji wenyewe?

Jibu: Itazame *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Humo imo Unguja ya miaka ya 1950, pamoja na Yasmin aliyeikimbia ndoa ya kupangiwa, Denge na wenzake wanaoupinga utawala wa Mwingereza, na taarabu inayobeba yale ambayo wahusika hawawezi kuyatamka. Mji Mkongwe humo ni mahali pa kuishi, kupendana na kujificha, si pambo la watalii.

Jibu: Naafiki, ingawa naona picha zake zimepambwa mno. Uchochoro niliokulia mimi ulikuwa na maji ya kufulia yanayotiririka katikati, na bibi kibarazani akichambua mchele huku akimsalimu kila apitaye. Natamani kamera ikae hapo kwa muda mrefu zaidi.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Nitaitazama pamoja na mama, aliyeishi Unguja ya zama hizo akiwa mtoto.