Uliyemwambia mdogo wangu "hiyo ni sumu inatoka": siki haitibu UTI!

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, na asije mtu hapa akaniambia nipoe kwanza.

Mdogo wangu anakaa Makorora, hapa hapa Tanga. Alianza kusikia mkojo unamchoma. Kila baada ya dakika kumi yuko chooni, yanatoka matone mawili, na haja bado ipo palepale. Badala ya kwenda kupima akauliza kwenye kundi la kina mama la WhatsApp. Aliyemjibu ni dada mmoja anayeuza siki ya tufaha: anywe vijiko viwili vikubwa kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asubuhi na usiku, na nyingine amimine kwenye beseni akalie. Chupa 15,000, analetewa na bodaboda mpaka mlangoni. Chupa yenyewe nimeishika mkononi. Ni chupa ya maji ya nusu lita, imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "inamaliza UTI sugu". Hakuna jina la aliyetengeneza, hakuna tarehe.

Beseni la kwanza tu likambabua. Akashindwa hata kujitawaza kwa maji ya kawaida. Siku ya tatu ikaja homa, akamwandikia yule dada kwamba anatetemeka na kiuno kinamuuma upande mmoja. Jibu lake lipo kwenye simu, nimelisoma mpaka nimelikariri: "Hiyo ni sumu inatoka mpenzi, usiache dozi."

Sumu! Mtu mwenye UTI akipata homa na maumivu ya mgongoni chini ya mbavu, hofu ya kwanza ni kwamba bakteria wameshapanda kutoka kwenye kibofu wakafika kwenye figo. Usiku wa siku ya tano nilimkuta amejifunika blanketi na juu yake khanga mbili, katika joto hili la kaskazi, meno yanagongana, hata maji anatapika. Tukampakia kwenye bajaji tukamkimbiza. Amelazwa siku nne, antibiotiki za mshipani. Daktari alituambia wazi kwamba tungeendelea kukaa naye nyumbani, bakteria wangeweza kuingia kwenye damu.

Mnaoitetea siki nisikilizeni. UTI nyingi huletwa na bakteria anayeitwa E. coli, ambaye makazi yake ni utumbo mpana. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4 hivi, kwa hiyo safari yake mpaka kibofuni si ndefu. Mnasema siki ni asidi, inaua bakteria. Inawaua ukiwamwagia kwenye kisahani cha maabara. Siki ya kunywa haishuki kibofuni kama maji ya bomba: inapita tumboni, mwili unaivunja na kuitumia kama chakula kingine, na kwenye mkojo haifiki ikiwa na nguvu ya kuua kitu. Ya beseni ndiyo kabisa haifiki kibofuni. Kazi yake ni kuunguza ngozi na kuwavuruga bakteria wazuri wanaoulinda uke. Siki kwetu ni ya achari na kachumbari, tangu enzi za bibi zetu.

Atakuja mtu na "mimi nilikunywa nikapona". UTI nyepesi ya kibofu wakati mwingine huondoka yenyewe. Na wengine hawakuwa na UTI tangu mwanzo, maana kuna vijimaabara vya mitaani ukiingia na homa lazima utoke na UTI na taifodi, unafungashiwa vidonge. Hilo nalo linanikera sana, kwa sababu ndilo linalowachosha wanawake mpaka wanakimbilia chupa za watu wasiojulikana. Mkojo kuchoma unaweza kuwa kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa hayo. Mkojo wa damu, kwa ukanda wetu huu, unaweza kuwa kichocho, na dawa yake ni prazikwanteli. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na siki. Mtu apimwe mkojo, na kama tatizo linajirudia aombe uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara, ijulikane dawa ipi inawaua hao bakteria. Majibu ni siku mbili tatu, na dozi akishapewa aimalize.

Linaloniuma zaidi: ndani ya kundi lile kuna wajawazito. Mmoja mwenye mimba ya miezi sita aliuliza, akaambiwa na yeye anywe "ila kijiko kimoja". UTI kwa mjamzito inaweza kumletea uchungu kabla ya wakati! Nimemwandikia pembeni, nimemsihi kesho aende kliniki na asikojoe njiani ili apime.

Huyo muuzaji nilimtumia picha ya karatasi ya kuruhusiwa wodini, yenye jina la ugonjwa. Akaiona, hakujibu. Jana usiku nikatolewa kwenye kundi. Leo asubuhi jirani kanionyesha simu yake: tangazo limerudi, chupa ileile, 15,000, na chini yake wanawake saba wameshaandika "nahitaji".